Maji ya Asubuhi ya Zaina

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu pale Sindeni, Handeni, kazi ya kumwogesha mdogo wangu Zaina nilipewa mimi, nami nikaona fahari. Leo nikiikumbuka fahari ile, najichukia.

Zaina alikuwa na miaka minne. Viganja na miguu yake vilikuwa vikivimba, macho yakiwa ya manjano, na mifupa ikimshika alilia mpaka sauti ikakauka. Bibi, mama yake baba, alikuwa na jibu: mtoto analilia jina. Marehemu mama yake Bibi alitaka jina lake lirithiwe, mtoto aitwe Mwanakombo. Nyumbani kwetu hakuna aliyebisha. Zaina angeogeshwa asubuhi saba kwa maji yaliyolala nje chunguni, na wa kumwogesha awe msichana ambaye hajavunja ungo. Kuanzia siku ya kwanza, jina la Zaina lisitamkwe tena.

Ilikuwa kipupwe, na maji yale yalikuwa baridi ya kuuma meno. Asubuhi mbili za kwanza alitetemeka tu. Ya tatu, nilipommwagia kata moja, alinishika mguu.

"Dada, basi. Mifupa inauma."

Nikamtazama Bibi.

"Mwaga, mjukuu wangu," akasema. "Anayelia si yeye. Ni mkubwa huyo, anapokea jina lake."

Nikamwaga. Kata nzima, kisha nyingine, kwa sababu nilimpenda na nilitaka apone.

Siku ya tano baba alimbeba hadi barabarani, wakapata lori la mahindi la kwenda hospitali Korogwe. Alirudi naye amefunikwa kanga ya mama. Bibi akasema tungemaliza zile saba angepona, na kwa miaka mingi niliamini hivyo.

Mwaka juzi vidole vya mwanangu Rajabu vikavimba. Sikungoja mtu aniambie kitu, nilimkimbiza Korogwe. Walimpima damu, kisha nesi akatukalisha mimi na mume wangu. Ni selimundu, alisema. Chembe za damu zinapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo, na mtoto ameirithi kwetu sote wawili, ingawa sisi tuna afya.

"Hakuna aliyemroga, mama. Anywe maji mengi, na akipata homa mleteni siku hiyohiyo. Na baridi msiichezee. Hata kumwogesha maji ya baridi kunaweza kumwamshia maumivu."

Niliomba kutoka. Nikakaa kwenye benchi la nje, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikasema kwa sauti: Zaina.

Bibi alishafariki. Sina kinyongo naye. Siku ya maziko yeye ndiye aliyelia kutushinda sote. Najua pia kwamba mtoto wa miaka tisa hamkatalii bibi yake, na kwamba huenda Zaina tungempoteza hata bila maji yale. Kujua huko hakunipi usingizi. Kinachonirudia ni kwamba alituambia. Sote tulikuwa tukimtafuta mtu anayesema kupitia kwake, kumbe aliyesema ni yeye mwenyewe, na alisema wazi.

Sasa kila asubuhi nampashia Rajabu maji ya kuoga, hata miezi ile jua la Handeni linapochoma tangu kuchomoza. Ananicheka, ananiita mama wa moto. Halafu anasema, "Mama, basi."

Naweka kata chini hapohapo.