Begi la Kulala Nje Siku Moja

Wiki ya kwanza chuoni, hapa mjini Baraka, mwalimu kijana aliyetoka Bukavu alituambia sisi wapya kwamba tutapanda milima ya kuelekea Fizi, tulale huko nje, tuzoeane. Ati ni burudani. Milima ile mimi niliipanda nikiwa na miaka saba, mama akinivuta mkono, na burudani sikuiona. Lakini mwanafunzi mpya hakatai.

"Mubebe tu vya kulala inje siku moja," alisema.

Asubuhi tulifika na sufuria, mikeka, chumvi na unga wa muhogo. Mwalimu akashangaa mizigo. Akafungua begi la dada mmoja, akakuta diploma yake ya sekondari imefungwa vizuri katika mfuko wa plastiki. Akafungua langu: diploma. La tatu: diploma.

"Tunaenda kutembea! Hatukimbie vita!" akafoka.

Tulifunga mabegi yetu tena. Kwetu ukilala nje ya nyumba, karatasi zako unalala nazo. Hilo halifundishwi darasani. Tulipanda kwa mstari, kimya, bila mtu kubaki nyuma, kama tulivyozoea tangu utoto, naye akatusifu kwamba tuna nidhamu. Kumsikiliza kulinichosha kuliko mlima.

Mwaka huu kazi ya kuwapandisha wapya nimepewa mimi. Niliwaambia karatasi zibaki nyumbani, tunaenda kutembea tu. Wote waliitika, "Ndiyo, mukubwa," na hakuna aliyegusa begi lake. Sikuwalazimisha. Diploma yangu ilikuwa mgongoni.