Magongo Yaliyongoja Wageni

Ndululu Mutie, seremala na mzee wa kanisa kijijini Kanyangi, hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Kumbukumbu zake zilining'inia ukutani: nyuzi za katani, kila uzi na fundo lake. Uzi mmoja ulikuwa mtoto mmoja aliyelemazwa na polio, na fundo lilionyesha urefu wa kutoka ardhini hadi kwapani. Kila baada ya mavuno alimpima mtoto upya, akasogeza fundo, akamchongea magongo ya mti wa mukau. Alilipwa kuku, au shukrani, au hata shukrani asipate.

Oktoba 1982, gongo moja la Kalunde, mjukuu wa jirani yake Syokau, lilivunjika. Zilibaki wiki tatu afanye mtihani wa darasa la saba, na shule ilikuwa maili mbili. Ndululu alikuwa na mbao nzuri, kavu. Kabla hajazigusa, Jonah, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, akafika akihema.

"Mzee, weka msumeno chini! Marafiki zetu wa ng'ambo wameleta magongo ya chuma, jozi ishirini. Yako stoo. Wanakuja wenyewe Jumamosi kuyakabidhi."

"Basi mpe huyu mtoto yake leo."

"Wakikuta ameshapewa watapiga picha ya nini? Na ukimchongea la mti watasema hatuna shida. Uwanyime wengine kumi na tisa kwa ajili ya mmoja?"

Ndululu aliuweka msumeno chini, jambo alilolijutia maisha yake yote. Alikubali hata mbao zile zitengenezwe kiti cha mgeni mkuu, chenye mgongo mrefu, eti mgeni hawezi kukalia benchi kama watu.

Jumamosi mvua ilinyesha, mto ukafurika, wageni hawakuja. Jumamosi ya pili ikaja barua: gari limeharibika. Kalunde alisomea nyumbani peke yake. Syokau alijaribu kumbeba hadi shuleni, wakaanguka wote wawili kabla ya kufika barabarani.

"Nimeshindwa, mzee," alimwambia Ndululu. "Huyu amekuwa mwanamke, si mtoto wa mgongoni."

Siku moja kabla ya mtihani Ndululu alichukua uzi wa Kalunde, akasimama mlangoni mwa stoo mpaka Jonah akafungua. Alisimamisha gongo la chuma, akashusha uzi kando yake. Gongo lilipita fundo kwa shubiri mbili. Akapima la pili, la tatu. Yote yalikuwa kimo kimoja, cha mtu mzima.

"Nipe moja nikalikate."

"Ukate mali ya wafadhili kabla hawajaiona? Hata utepe haujakatwa!"

"Umewaandikia barua ngapi, Jonah?"

"Sita. Kwa Kiingereza safi."

"Na hakuna hata moja uliyotia uzi."

Akageuka, akainua kiti kilichokuwa pale pale stoo, akakiweka begani.

"Mzee! Hicho ni kiti cha mgeni!"

"Mgeni ana miguu."

Jioni kiti kilikuwa gongo na kuni. Asubuhi Kalunde aliingia kwenye chumba cha mtihani kabla karatasi hazijafunguliwa, sketi imejaa tope hadi kiunoni.

Wageni walikuja mwezi uliofuata. Mkubwa wao alikalia benchi na hakulalamika. Kalunde aliambiwa afiche magongo yake nyuma ya kanisa mpaka picha ziishe. Ndululu, ambaye jina lake lilikuwa limefutwa kwenye kamati kwa sababu ya kiti kile, hakualikwa.

Alasiri alisikia chuma kikiburutwa. Watoto ishirini walikuwa wanapanda kilima kuelekea kwake, wengine wamebebwa, wengine wakitambaa, na zawadi zao mpya zikiburutwa nyuma.

"Nani amewatuma?"

"Mwenyekiti," akajibu Kalunde. "Anasema ukate haraka, na ukate bure."

Ndululu alitukana kwa Kikamba maneno ambayo mzee wa kanisa hapaswi kuyajua. Kisha akatoa msumeno wa kukatia chuma, akanyoosha mkono ukutani, akashusha uzi wa kwanza.