Wimbo wa Baba Ndani ya Kompyuta ya Padri

Programu ile ya kuandikia muziki ilikuwa ya majaribio, na ya majaribio haihifadhi kitu. Unaandika noti zako, inakupigia kwa sauti nyembamba kama ya filimbi ya plastiki, basi. Ukizima kompyuta, vyote vimekwenda. Betri ya kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Kila siku padri aliwasha jenereta saa kumi alasiri ili kuchaji foni, redio yake ya kuongea na Uvira, na saa kumi na moja alizima. Kwa hiyo nilikuwa na saa moja ya kuandika wimbo mzima wa baba yangu na kumsikilizisha. Nikishindwa, kesho naanza upya. Nilishindwa kwa wiki nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Hatukuwa na pa kwenda. Barabara ya kaskazini ilikuwa na askari wa upande mmoja, ya kupanda Fizi-Centre ilikuwa na wapiganaji wa upande mwingine, na ziwa lilikatazwa kwa asiye na ruhusa. Asubuhi unatoka nyumbani, unafika kwa jirani, jirani anakuuliza habari ambazo wewe ulikuja kumuuliza yeye, unarudi. Mji wote wa Baraka ulikuwa umekuwa chumba kimoja, na mimi nilikichukia hadi harufu yake ya ndagala, dagaa wa ziwani.

Baba ujana wake alipiga gitaa katika orkestra ya hoteli kule Kalemie. Kiharusi kiliua mkono wake wa kushoto, ule unaojua akodi. Akodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja. Za kwaya, ambazo mimi mpiga kinanda nilizijua, zina noti tatu na hazisumbui mtu. Za baba zilitoka kwenye sahani za santuri za jazi: noti nne, tano, nyingine zinagombana mpaka unakunja uso. Alikuwa na wimbo mmoja wa kutunga mwenyewe, usio na maneno, na alitaka kuusikia tena mara moja. Nesi alikuwa amenivuta kando akaniambia kwamba kiharusi cha pili kikija, mzee hatakuwa na cha tatu.

Shida ni kwamba mjini hapakubaki chombo. Tulikimbilia Lweba vita vilipoingia, mama akafia kule kwa malaria, na tuliporudi gitaa halipo, kinanda cha kanisa hakipo. Ilibaki kompyuta ya padri.

Basi nilichukua ubao nikachora mistari sita kwa makaa, nyuzi za gitaa. Kila asubuhi baba alitumia mkono wake mzima kusukuma vidole vyangu juu ya ubao ule: hiki hapa, hiki pale. Hakuna kilicholia. Mimi nilihesabu nafasi, nikapata noti, nikatafuta jina la akodi, nikaliandika kwenye karatasi. Saa kumi kasoro nilimpakia baiskeli, nikamkalisha kwenye kiti cha padri, nyuma yangu, asubiri.

Programu haikujua do, re, mi tulizofundishwa shule. Ilitaka herufi, halafu tarakimu, halafu mabano, na ndani ya mabano bemoli, alama ya kushusha noti, iandikwe kwa b ndogo, na diyezi, ya kuipandisha, kwa #. Ukikosea alama moja, kinafunguka kisanduku kinakuuliza kama una hakika. Hakika ya nini, katika mji ule? Ukikubali bila kusahihisha, pale pote panakaa kimya. G7(b9). D7(#11). C7(b13). Zilikuwa nane zenye mikia ya namna hiyo, zimefuatana katikati ya wimbo, na kila siku saa yangu ilikwisha nikiwa humo.

"Nikupigie hata nusu, baba," nilimwambia.

"Mi sisikilizake nusu," alisema. "Orkestra haikatake wimbo."

Nilimkasirikia. Niliwaza kwamba mzee huyu alijaza vidole makusudi, kujionyesha mbele ya watu wa hoteli, na sasa mimi ndiye ninayelipishwa. Siku moja nikadanganya. Niliikata mikia yote minane. G7(b9) ikawa G7 tupu, na nyingine vivyo hivyo. Nilimaliza kukiwa na dakika kumi za ziada. Nikabonyeza, wimbo wote ukapita, na nikageuka nikitarajia asante.

"Na mama yako?" baba aliuliza.

"Mama gani, baba?"

"Mama yako. Juu ya nini umemutoa?"

Sikuelewa, akanieleza polepole, maana ulimi wake nao ulikuwa mzito. "Alikuwa anapika anaimba, miye napiga gitaa. Akifika pale anashika sauti moja, hataki kushuka. Namuambia, mama, hiyo haiko mu akodi. Hasikie. Nikaona ni mi njo nitamufwata. Kila akodi nikaongeza kidole kwenye alikuwa anasimama."

Nyumbani nilitoa karatasi yangu nikaangalia mikia. Tisa bemoli juu ya sol, ambayo programu huiita G. Kumi na moja diyezi juu ya re, yaani D. Kumi na tatu bemoli juu ya do, yaani C. Programu huipa noti jina kwa kuhesabu kutoka chini, na kila akodi ina chini yake, ndiyo maana sikuwahi kuona. Ukiziweka kwenye kinanda, zote nane zinaangukia kitufe cha la bemoli. Noti moja, haijasogea, akodi zinapita chini yake. Wiki zote hizo nilikuwa nalaani sauti ya mama yangu. Niliona aibu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Kesho yake padri alipata ruhusa ya kuvuka kwenda Kigoma alfajiri inayofuata. Boti ilikuwa na nafasi ya kompyuta na foni, haikuwa na nafasi ya mzee aliyepooza. Nilimwelewa, na sijamsamehe vizuri. Alituachia mazutu yaliyobaki, mafuta ya jenereta, ya saa ileile moja, alasiri hiyo ya mwisho.

Nilijua mwendo wangu. Pamoja na mikia, sikuwahi kuufikisha wimbo mwisho. Sikuanzia mwanzo, basi. Niliandika akodi nane peke yake, kila moja na mkia wake, na mwishoni nikaweka alama ya kurudia. Sikumuuliza baba.

Mzunguko wa kwanza hakutikisika. Wa pili, mkono wake wa kulia uliunyanyua wa kushoto kutoka gotini, ukapapasa hadi kidole cha mwisho, kile alichokiongeza kwa sauti ya mama, ukakibana kwenye mkono wa kiti. Padri alisimama mlangoni, akatazama saa ya ukutani, ikapita saa kumi na moja, hakuzima. Akodi zilirudi na kurudi.

Mwanzo wa wimbo ule leo siukumbuki, wala mwisho wake. Jenereta lilikohoa likanyamaza katikati ya akodi ya tano. Nilingoja baba aachie kile kidole tuondoke. Hakuachia, nikambeba hivyohivyo mpaka kwenye baiskeli.