Kitufe Kilichobaki Kijani

Mama yangu hasomi maandishi madogo kwenye simu, anasoma rangi. Nilikuwa nalijua hilo tangu zamani, na bado nilimponza.

Mimi hutengeneza kurasa za mtandao katika chumba kimoja juu ya duka la nguo mjini Kisii. Karani wa kituo cha kuuzia chai kule kwetu Manga aliniomba ukurasa wa kuwaonyesha wakulima kama lori la kubeba majani linakuja au haliji. Nikachora boksi: jina la kituo juu, hali yake katikati, na chini kitufe kipana cha kijani, "Leta majani". Kituo kikifungwa, boksi ligeuke kijivu. Nilikipa kila kipande amri yake peke yake, kimoja kimoja, nikijiona fundi kweli kweli. Kitufe nikakisahau.

Siku moja lori likakwama kwenye matope. Karani akafunga kituo na boksi likageuka kijivu, ila kitufe kikabaki kijani. Mama alikiona hicho kijani, akajitwika kikapu mgongoni, akateremka mlima na yale magoti yake mabovu. Hakukuta mtu. Aliporudi nyumbani, majani yalikuwa yamepashana joto kikapuni hadi yakawa mekundu. Kazi ya asubuhi nzima akaimwaga kwenye migomba.

Jumapili nilipokwenda kumwona, heri angenigombeza. Aliniuliza tu, kwa upole ulionichoma:

"Omwana one, mwanangu, baba yako alipofariki, nani alizunguka kumwambia kila mtu aache jembe?"

Hakuna. Kwetu mkubwa wa boma akifa, shamba la boma haliguswi mpaka azikwe, na hakuna anayeandikiwa barua. Nakumbuka shangazi yangu alikuwa akipalilia mahindi. Aliposikia kilio nyumbani aliacha mstari katikati, na jembe likalala pale pale siku zote za matanga.

"Sasa hicho kitufe chako," mama akasema, "ni cha boma gani?"

Nilirudi Kisii na aibu yangu, nikafungua maelekezo ya zana yangu ya CSS, lugha ya kupangia kurasa rangi na sura, ambayo nilikuwa nimeyapita mara nyingi bila kubisha hodi. Yalisema: boksi la nje lipe neno moja, group, yaani kundi. Kisha kila kilicho ndani kiandikie chenyewe kitafanya nini hali ya boksi ikibadilika. Kwenye kitufe nikaandika group-data-[hali=fungwa]:bg-gray-400, yaani boksi likifungwa, nawe geuka kijivu. Basi. Karani akibadilisha hali ya boksi, mahali pamoja tu, jina, maandishi na kitufe vyote vitajua.

Nikajaribu. Nilibadilisha hali ya boksi la nje tu, na ndani vyote vikageuka kwa pamoja, bila kuzungukiwa kimoja kimoja. Nikarudisha, nikabadilisha tena, zaidi ya mara ishirini, mwili ukinisisimka. Miaka yote hiyo nimekuwa nikiita huu ufundi wa wazungu, kumbe boma letu lilikuwa likiujua kabla sijazaliwa. Nilifuta mistari yangu yote ya amri za kimoja kimoja na sikuihurumia hata mmoja.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Manga, na mvua ilikuwa imenyesha kutwa kucha. Mama alikuwa ameshajitwika kikapu, kamba iko kwenye paji la uso, akachukua simu aangalie kabla ya kutoka. Nilisimama mlangoni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

Aliangalia mara moja tu. Mkono ukamwenda kifuani.

"Yote yamezimika," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni lori tu, haliji."

Akaitazama simu tena, akakigusa kile kitufe cha kijivu kwa kidole chake chenye weusi wa chai. Halafu akaitoa kamba kwenye paji la uso, akakitua kikapu chini.