Homa ya Jumapili

Jumapili moja ya mwaka 1946, Harish, fundi cherehani wa mjini Mwanza, alimpelekea rafiki yake Liaqat salamu kwamba ana homa. Hakuwa na homa wala mafua. Saa kumi jioni Liaqat angepiga sarangi, lile zeze la Kihindi, kwenye ukumbi wa jumuiya, na saa hiyohiyo redio ya Bombay ingerusha onyesho la bingwa wa sarangi. Kwa miaka kumi na miwili Harish alikaa mbele ya Liaqat, akihesabu mapigo kwa kiganja gotini na kusema "vah" kila sauti ilipompendeza. Liaqat alipiga akimtazama yeye tu.

Saa kumi Harish alifungua redio, akajifunika blanketi ili uongo usimsute sana, akatoka jasho la kweli. Lakini bingwa alikuwa bingwa. Kiganja kikaanza chenyewe kupiga goti.

"Vah," aliiambia redio. "Vah, bingwa."

Alipogeuka, Liaqat alikuwa amesimama mlangoni, sarangi kwapani, vidonge vya kwinini mkononi. Alikuwa ameahirisha onyesho aje kumwuguza. Harish akanyoosha mkono azime redio.

"Iache, Harish bhai," Liaqat alisema, akiweka vidonge mezani. "Anapiga vizuri. Mpe vah nyingine, labda hakukusikia."