Mkwaju Uliokufa Ukiwa Kijani

Shida ilinianza mwaka 1971, nikiwa na miaka minane. Mama alifariki, nikapelekwa Dutwa kwa bibi, mzaa baba. Bibi hakuwa na ng'ombe wala pamba. Alikuwa na mkwaju. Uji wetu wa mtama ulitiwa ukwaju, michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, tuliichemsha kwa maji yake, na uliobaki bibi aliubeba kichwani kwenda gulioni, akarudi na chumvi, mafuta ya taa na daftari langu.

Haya yalinirudia juzi, nilipokuta watu wa dawa za miti shamba wamechuna ganda la mti mpakani mwa shamba langu, duara zima. Nikagomba. Kijana mmoja akaniuliza, "Mzee, mbona bado uko kijani?" Maneno ya namna hiyo niliyasikia nikiwa mtoto.

Baba mdogo alirithi shamba lililozunguka nyumba ya bibi, akataka pamba ifike mlangoni. Alidai mkwaju unakunywa maji ya pamba yake.

"Na wewe mwaka wa njaa ulikunywa nini?" bibi akamuuliza.

Asubuhi moja tukaukuta mti umevuliwa ganda kiunoni, ndani peupe kama mfupa. Bibi akapaka mavi ya ng'ombe na udongo, akafunga gunia. Kuliloweka gunia lile ikawa kazi yangu.

Na basi ukazaa! Ulizaa kuliko miaka yote, matawi yakainama. Baba mdogo akipita anacheka, "Mayu, mama yangu, unalia nini? Mti wako umenenepa."

Mwalimu wetu alikuja kununua ukwaju, akafungua gunia, akainama kutazama. Juu ya jeraha ganda lilikuwa limevimba, chini limesinyaa. Akakata kitawi, akanionyesha ganda, utando laini chini yake, kisha mti mgumu wa ndani.

"Maji yanapanda huku ndani," alisema. "Chakula kinapikwa kwenye majani, kinashukia hapa kwenye ganda. Sasa njia imekatwa. Huko juu wanashiba, mizizi inalala njaa."

Bibi akauliza dawa. Mwalimu akatikisa kichwa. Mimi sikumwamini, nikaendelea na maji yangu. Mvua zilizofuata zikanyesha vizuri, mkwaju haukutoa hata jani moja. Baba mdogo akaukata kuni.

Daftari jingine halikununuliwa. Shule yangu ikaishia darasa la tatu, nikaenda kuchunga ng'ombe wa watu. Kwa nini kitu kinakufa mbele ya macho ya watu na wao wanakisifia? Mpaka leo sijapata jibu, na bibi alikwenda kaburini bila kulipata.

Sikusaidiwa na mtu. Leo nina nyumba ya bati Somanda, mashine ya kusaga, maksai na plau, na shamba Dutwa, kubwa kuliko lile la baba mdogo. Ukwaju nanunua sokoni, kwenye mfuko, kama mgeni.