Ubavu Aliouunda Tangi

Tangi Kerouanton alikuwa seremala wa meli pale Brest, Ufaransa, na kwa kiburi hakuwa na mwenzake. Manowari Jasiri ilipojengwa, ubavu wa kushoto ulikuwa kazi yake. Mdogo wake Goulven, mvivu wa kuzaliwa, alipachika humo mbao laini ya msonobari na kuificha kwa lami. Tangi akaigundua kwa kugonga nyundo. Akamzaba kofi mbele ya mafundi wote, akaing'oa, akaweka mbao ngumu ya mwaloni, mwaloni juu ya mwaloni.

"Ukilala wewe, bahari hailali, mpumbavu!"

Waingereza waliiteka Jasiri mwaka huohuo. Hata jina hawakubadili, ila bendera. Kwa miaka kumi na miwili ikawapiga mizinga watu walewale walioiunda. Ilipochoka wakaikata milingoti, wakaifunga kwenye matope ya Portsmouth iwe gereza la mateka. Na miongoni mwa mateka wakaletwa Tangi na Goulven, walionaswa katika meli ya mizigo.

Kabla ya Pasaka Goulven akaanza kukohoa damu. Watoroke, au afie mle.

"Kaka," alinong'ona, akicheka kwa taabu, "ile mbao yangu ilikuwa wapi?"

"Hapo ulipoegemea. Niliing'oa."

"Si ungeiacha, bwana! Leo tungetoka kwa kisu cha mkate."

Majuto ni mjukuu, na huyu alikuja na meno. Tangi akachimba palepale kwa msumari, siku arobaini. Kila jioni askari walipita wakigonga ubavu kwa vyuma, wakisikiliza kama kuna tundu. Kila jioni aliziba kwa unga wa mbao na shahamu. Siku ya arobaini tundu lilikuwa na kina cha kiganja tu, na Goulven akafa.

Jioni hiyo Tangi akasahau kuziba. Chuma kikalia vingine. Seremala wa Kiingereza akaitwa, akaingiza mkono, akapiga mluzi.

"Aliyejenga hapa alikuwa fundi kwelikweli," alisema, na mateka mmoja akatafsiri.

Ofisa hakujali ufundi. "Nani katoboa? Siku kumi kwenye shimo la adhabu chini ya meli, nusu chakula."

Vidole vya Tangi vilikuwa vinavuja damu. Akavificha kwapani, akaelekeza kidevu kwa Goulven, aliyekwisha kushonwa ndani ya turubai akingoja mashua ya maziko.

"Huyo," akasema mbele ya wote. "Kazi mbovu zote za humu ni zake."